Kilo za Kuficha

Binti yangu alinipigia simu kutoka Kanada saa saba mchana, mimi niko sokoni katikati ya kumkunjulia mteja kikwembe, kitenge cha kujifunga, akaniambia: "Mama, viza imetoka."

Nikamwambia hongera. Nilisema hongera kama mtu anayempongeza jirani, maana kichwa changu kilikuwa bado hakijaelewa kwamba viza hiyo ni yangu mimi, na kwamba kati ya Kindu yetu ya Kongo na Kanada hakuna njia ya baiskeli.

"Mama, umesikia? Unakuya! Tumbo iko ya miezi nane sasa. Arobaini yote utakuwa na miye."

"Nimesikia."

"Mbona haufurahi?"

"Nafurahi. Nafurahi sana."

Mteja wangu akaacha kushika kikwembe, akaniuliza kama nimefiwa.

Nataka nieleweke. Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Wakati wa vita nilimtukana askari mwenye bunduki kwa sababu ya kuku wangu, na kuku akarudishwa. Nimezaa bila mkunga. Nimewahi kumwambia shehe wa mtaa wetu kwamba hotuba yake ni ndefu kuliko mfungo. Lakini ndege, hapana. Zaidi ya miaka ishirini sikuwa nimepanda ndege, na watu wote wa kwetu walijua. Wenzangu wa sokoni wakitaka mali ya Bukavu, wanaruka, kesho yake wamefika. Mimi ninapanda pikipiki, napita Pangi, tope linanimeza mpaka magoti, liliwahi kunivua kiatu nikakiacha hukohuko, nafika Bukavu ninafanana na muhogo uliotoka shambani sasa hivi. Wanacheka. Nami nawacheka wao, nawaambia angalau mimi nikianguka naanguka mita moja.

Viza yenyewe ilichukua karibu miaka miwili. Binti yangu aliianza tangu alipoolewa, na mimi nilizifuata zile karatasi kwa njia ya nchi kavu mpaka nyama za makalio zikaisha. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo kwamba watakataa. Hawakukataa. Ndivyo Mungu anavyofanya, ombi la kijinga ndilo analolipitisha pembeni.

Na kutokwenda hakukuwezekana. Kwetu msichana akizaa mara ya kwanza, mama yake ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anamfunga tumbo, anampikia supu ya kambale, anamchukua mtoto ili mzazi alale, siku arobaini. Mama yangu alinifanyia mimi. Binti yangu huko hana dada wala shangazi, mama mkwe wake alikwishakufa, na mume wake ni kijana mzuri sana ambaye hawezi kuchemsha chai bila kuungua. Nisipokwenda, mtoto wangu atajifunga tumbo mwenyewe, kwenye baridi, kama mtu asiye na mama. Kulifikiria hilo tu kulinitoa machozi sokoni, na mteja akaondoka bila kununua.

Sasa nieleze ule woga ulitoka wapi.

Miaka ile ya vita Kindu ilikuwa imefungwa. Barabara hakuna, garimoshi hakuna, mtoni kila kona ina watu wenye bunduki. Kilichoingia kiliingia kwa ndege, chumvi, sabuni, hata kibiriti. Kilichotoka kilitoka kwa ndege, na kilikuwa kasiterite, yale mawe meusi ya bati wanayochimba Kampene, madogo kwa macho lakini mazito ajabu. Mume niliyekuwa naye wakati huo alikwenda Kampene kuchimba. Baada ya miezi sita akanitumia mtu wa baiskeli na vitu viwili: kilo kumi na nne za kasiterite, na habari kwamba ameoa huko. Ilikuwa talaka ya mawe. Niliipokea, ningefanyaje?

Binti yangu, huyuhuyu wa Kanada, alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Miguu ilikuwa imevimba kwa njaa, nywele zimekuwa nyekundu, hata kulia alikuwa ameacha. Goma tulikuwa na shangazi, na kulikuwa na hospitali yenye dawa. Mama yangu akasema tutaondoka sisi watatu, na yale mawe tutayauza kule tumtibie mtoto.

Uwanjani, mzigo ulipimwa kwenye mizani kubwa ya chuma na kila kilo ililipiwa. Lakini mtu hakupimwa. Mtu alihesabiwa kichwa, na kwenye karatasi aliandikwa kilo sitini, awe mnene, awe mwembamba. Kwa hiyo watu wa Kindu, wacha Mungu na walevi, wote tulikuwa na ufundi mmoja: kuficha kilo. Njaa ilikuwa imetukausha kama samaki wa moshini, lakini siku ya ndege uwanja mzima ulijaa watu wanene. Wanaume wenye shingo za kuku na matumbo ya matajiri. Wanawake wenye mimba pande zote nne. Na kila mtu anatembea polepole, kwa heshima, kama anayekwenda kupokea bwana harusi.

Mama yangu alikuwa mshonaji. Alinishonea mkanda wa turubai wenye vifuko kumi na vinne, kila kifuko kilo moja, akanifunga kiunoni chini ya vikwembe vitatu. Mtoto mgongoni, mawe kiunoni. "Usicheke," akaniambia, "ukicheka, mawe itaitika." Yeye mwenyewe hakubeba kitu. Alisema mifupa yake ni mzigo wa kutosha.

Ndege ilikuwa ya zamani, haina viti. Tulikaa juu ya magunia pamoja na jenereta moja na mbuzi wawili. Rubani alikuwa mzungu mwekundu, amevaa kaptula na kandambili. Nilizitazama zile kandambili nikajisemea, mtu anayeamini atafika salama huvaa viatu.

Ikakimbia. Ikakimbia sana. Nyasi zikapita, michikichi ikapita, nyumba za mwisho zikapita, na ndege ikakataa kuinuka. Halafu ikafunga breki kwa kelele sijawahi kusikia, sote tukateleza mbele, mbuzi mmoja akamwangukia mzee mmoja wa heshima kifuani, akabaki pale kama mtoto wake. Tukasimama mwisho kabisa wa uwanja, pua ya ndege imeingia majanini.

Rubani akatoka kwake anafoka kwa lugha yake. Msaidizi wake, mtu mzima mwenye kitambi cha kweli, akatutafsiria: "Piloti anasema ndege iko nzito kupita karatasi. Kuna watu wanaficha kilo. Mwenye kuficha atoe, aweke chini, twende. Mukikataa, muntu moya ashuke, tujaribu tena."

Magunia hayangeweza kushuka, yalikuwa ya mkubwa mmoja. Jenereta na mbuzi walikuwa wa mkubwa mwingine. Waliobaki ni watu.

Watu arobaini wenye mawe kiunoni tukatazama dari. Mmoja akaanza rozari, mwingine akashika tasbihi, dini zote mbili zikafanya kazi pamoja kuficha kasiterite. Mimi nilimtazama mbuzi.

Mama akasimama. "Miye nashuka," akasema. "Goma iko baridi, na watu ya kule hawajue kupika sombe."

Watu wakacheka kwa nguvu, kicheko cha watu waliookoka. Mama akafungua kikwembe chake cha juu, akamfunika nacho mtoto mgongoni mwangu, akakikaza vizuri huku na huku kwa sababu ya baridi ya Goma. Kilikuwa na joto la mwili wake, kinanukia sabuni ya buluu. Akanigonga kidogo kiunoni, pale penye mkanda. Akashuka.

Mama yangu hakuzidi kilo arobaini wakati huo. Mimi nilikuwa na kumi na nne ambazo ningeziachia kwa kufungua fundo moja, na kila aliyekuwa mle ndani alikuwa na zake. Wanne watano tungefungua, mama angekaa. Sikufungua. Nimejieleza mara elfu kwamba ile kasiterite ndiyo ilikuwa dawa ya mtoto, na ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba wakati ule sikuwaza hata dawa. Nilinyamaza kwa sababu wote walinyamaza.

Ndege ikarudi ikakimbia tena, safari hii ikainuka, inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Dirishani nikamwona mama pembeni ya uwanja, amebaki na kikwembe kimoja, ameweka mkono juu ya macho ili aone.

Mtoto alipona. Mimi nilirudi Kindu baada ya mwaka mmoja na nusu, kwa miguu na kwa baiskeli za watu, kutoka Bukavu kupitia Kampene, ambako nilimwona yule mume wangu kwa mbali na nikafurahi kuona ameota upara. Nyumbani nilimkuta mama mlangoni. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa. Lilianza kuuma, likavimba, na mjini hakukuwa na dawa hata ya kudanganyia. Mshonaji wa jicho moja. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Umekonda."

Mama yangu anatania kila kitu. Anamtania mume wangu wa sasa, anatania mkoromo wa imamu, anatania kaburi lake mwenyewe, anasema walichimbe fupi kwa sababu anapungua kila mwaka. Lakini ile siku ya uwanjani hakuitaja hata mara moja. Nami sikuuliza. Watu wakiniuliza kwa nini sipandi ndege, nilisema naogopa kuanguka. Ilikuwa rahisi kusema hivyo, na wakati mwingine mimi mwenyewe niliamini.

Basi, viza imetoka, tiketi imenunuliwa, wiki tatu zimebaki. Kindu mpaka Kinshasa, Kinshasa mpaka Ulaya, Ulaya mpaka Kanada. Kila mtu akaja na dawa yake. Shehe, yule wa hotuba ndefu, akaniletea maji ya dua kwenye chupa ya soda. Jirani yangu mlokole akanipaka mafuta kichwani bila ruhusa, akiniambia nikemee roho ya angani. Mwenye duka la dawa akanipa kidonge cha kumeza kabla ya kupanda. Nikakijaribu kwanza nyumbani, nikalala nikakosa sala mbili, na maharage yakaungua mpaka sufuria. Mkwe wangu akanitumia video ya kueleza jinsi mbawa zinavyoshika hewa. Nikaitazama, nikaelewa, nikatulia. Kumbe simu ikiona umetazama ndege inakuletea ndugu zake: ndege inayoungua, ndege iliyogawanyika, ndege iliyotua mtoni. Nilitazama kumi na moja.

Mwisho nikabuni dawa yangu. Kila alasiri nilichukua kigoda changu, nikaenda kukaa pembeni ya uwanja wa ndege, kuzoea. Siku ya kwanza polisi akanifuata.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Najizoeza."

"Unajizoeza nini?"

"Kuangalia."

Akaniandika kwenye daftari lake. Siku ya pili akaniandika tena. Siku ya tatu akaja na kiti chake, akakaa, akanifundisha: hii njo inaitwa hivi, ile inafungua matairi wapi, hii ikivuma hivi haina shida. Mtu mwenye elimu kabisa. Siku ya sita nikamuuliza amesharuka mara ngapi. Akasema hajawahi, anaogopa.

Halafu ilikuja shida ya valizi, sanduku langu la safari. Ikisikika mtaani kwetu kwamba unakwenda Kanada, watu wanaona Kanada ni mtaa wa jirani. Waliniletea sombe ya majani ya muhogo iliyokaushwa, mawese, unga, mizizi ya tumbo, na barua ya mtu "anayekaa hukohuko, uliza tu." Nilikataa vyote. Nilikuwa mkali mpaka nikagombana na watu wa damu yangu. Tiketi ilisema kilo ishirini na tatu, nami nilitaka ishirini na tatu, si robo zaidi. Niliibeba valizi mpaka kwa muuza mchele nikaipima mara tatu. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, ananitazama kwa jicho lake moja.

"Unapima kama daktari ya watoto," akasema.

"Ndege haipendi uzito, mama."

"Mm," akasema, akarudi kwenye kokwa yake ya kola, anaitafuna kwa upande wenye meno.

Siku ya safari alikataa kubaki nyumbani. Mzee wa umri ule akapanda pikipiki nyuma yangu, vikwembe viwili, kilemba, amenishika kiuno. Uwanjani kulikuwa na foleni. Mizani ya siku hizi ni ndogo, inaonyesha namba nyekundu. Mwenye kupima alikuwa bwana mwenye miwani, mpole.

"Weka valizi, mama."

"Kwanza nipime mimi."

"Hatupimi watu, mama. Hii ndege ni kubwa."

"Nipime. Halafu uandike."

"Mama, tafadhali, kuna watu nyuma yako."

"Watangoja. Ukitaka nipapase, papasa. Sina kitu chini ya kikwembe."

Nikapanda. Namba nyekundu zikasimama kwenye sabini na tisa, na foleni nzima ikasema "Aka!" kwa sauti moja, kwa maana sokoni nilikuwa nasema sitini na tano. Yule bwana akaandika kwenye karatasi ya takataka, ilimradi niteremke. Nikaweka valizi kwa kujiamini kabisa.

Ishirini na tano na nusu.

"Haiwezekani!" Nilipiga kelele. Nikaivuta chini, nikaifungua palepale sakafuni, watu wamenizunguka. Chini ya koti langu la baridi kulikuwa na furushi ambalo sikuliweka mimi. Nikalifungua. Kambale watatu, wakubwa, wa moshini, wamekunjwa kama watoto mapacha na mmoja wa ziada, ndani ya kikwembe kipya.

Nikageuka. "Mama!"

"Nini?"

"Nani ameweka hii?"

"Sijue. Pengine malaika."

"Mama!"

"Sasa mutoto azae bila supu ya kambale? Kule kuna kambale? Utamupa supu ya nini, ya barafu?"

Sijui kilichonishika. Nilikuwa nimepiga magoti na kambale mkononi, mbele ya watu wote, na kitu nilichokuwa nimekimeza zaidi ya miaka ishirini kikatoka kwa kelele. "Weye! Weye mwenyewe njo unaficha kilo? Kisha ile siku? Ile siku ulishuka kwa sababu yangu! Nilikuwa na mawe kiunoni, uliijua, weye njo uliishona, na ukashuka! Jicho yako ikakufa kwa sababu yangu, na miye nilinyamaza, nikaangalia mbuzi!"

Yule bwana wa mizani akavua miwani. Nikaanza kulia vibaya, kulia kwa kamasi, kambale bado mkononi.

Mama akanitazama. Halafu akasema, "Kumbe njo hiyo?"

Nikajifuta kamasi kwa ncha ya kikwembe.

"Kumbe njo hiyo inakuzuiaka kupanda ndege miaka yote hii? Miye nilifikiri unaogopa tu, kama vile miye."

"Kama weye?"

"Mutoto weye! Ile siku nilikuwa na woga ya kufa! Haukuona viatu ya ule piloti? Tangu tulipoingia nilikuwa natafuta mulango. Vile walisema muntu moya ashuke, nikasema moyoni, Mungu ni mukubwa, ameniona. Nilikuwa nimeisha kukojoa ndani ya kikwembe!"

Foleni ikalipuka. Watu wakashikana mabega kwa kucheka, mwanajeshi mmoja akafuta machozi. Hata mimi nikacheka, nalia na kucheka pamoja, nikajisikia mjinga na mwepesi.

"Na jicho?" nikamuuliza.

"Jicho ni jicho. Ingekufa hata Goma. Acha maneno, watu wanangoja. Toa viatu, acha samaki."

Viatu ni vile vya baridi, vya ngozi na manyoya, ambavyo binti yangu aliniagiza ninunue mitumbani na ambavyo peke yake vilikuwa na uzito wa mtoto. Nikavitoa. Nikarudisha kambale. Ishirini na tatu kasoro kidogo. Mama akavikumbatia vile viatu, akaniambia atavivaa msibani, apate kuonekana. Nikamkumbatia, akanisukuma. "Nenda. Na usiangalie mbuzi."

Nikapanda. Nilikaa dirishani, nikafunga mkanda, huu wa kawaida usio na vifuko, na ndege ilipoanza kutembea nilikuwa bado nacheka peke yangu. Mama yangu! Alijikojolea! Miaka yote hii mimi nabeba maiti ambayo haikufa, kumbe mwenzangu alikimbia kwa furaha. Mzee aliyekaa kando yangu akasogea kidogo upande wa pili. Ndege ikakimbia. Nyasi zilezile, michikichi ileile. Nikaona pembeni ya uwanja watu wamesimama, na kati yao kitu kidogo kimebeba viatu vikubwa, kimeweka mkono juu ya jicho.

Matairi yakaacha ardhi, na hapohapo nikakumbuka kikwembe.

Kile alichomfunika nacho mtoto. Nilikaa nacho safari nzima mpaka Goma, nilikilalia kichwa, nilimfutia mtoto pua kwa ncha yake. Kilikuwa kikavu. Kilikuwa kikavu, na cha moto, na kinanukia sabuni ya buluu. Nikajaribu kumtetea: labda ni cha ndani ndicho kililowa. Lakini alikuwa amevaa viwili, na amevikalia vyote viwili juu ya gunia. Cha juu kingebakije kikavu?

Nilitaka kusimama. Nilitaka kuwaambia wageuze, nina neno na mwanamke mmoja pale chini. Lakini tulikuwa tayari juu ya mto, mto wenyewe umekuwa mwembamba kama uzi wa cherehani, na Kindu yote imeingia chini ya bawa. Woga wangu sikuuona tena ulikokwenda. Nililia mpaka yule mzee akanipa kitambaa chake, akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Nikamwambia ni mara ya pili.

Ile safari ndefu sina mengi ya kusema juu yake. Nilikula kila walicholeta, nikaomba mkate mwingine, nikagombana na jirani mmoja juu ya mahali pa kuweka kiwiko, nikashinda. Mtu wa forodha alinusa valizi yangu, akanitazama usoni, akaamua kuniacha. Nikatoka nje kwenye theluji nimevaa sandali, kama yule rubani, na mkwe wangu akakimbia kuvua soksi zake mwenyewe.

Mtoto alizaliwa siku ya tisa. Nilimkanda mzazi, nikamfunga tumbo, nikapika kambale mpaka king'ora cha nyumba kikalia na majirani wakatoka nje na majaketi. Binti yangu alikunywa supu ile akilia, akaomba bakuli la pili. Kisha nikampigia mama simu.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia: "Mama, ile siku, kikwembe ulichonipa kilikuwa kikavu."

Nilisikia kuku wa kwetu, na pikipiki inapita.

"Mutoto iko na kilo ngapi?" akauliza.

"Mama, nakuuliza kitu."

"Na miye nakuuliza. Kilo ngapi?"

"Tatu na robo."

"Tatu na robo tu?" akasema, na sauti yake ilikuwa inacheka. "Huyo hata wakati ya vita ungemupitisha, chini ya kikwembe, hakuna muntu angeona."